Uwezo wa Kuvuta na Uwezo wa Kusimama

Yapo maswali ambayo kwa juu juu ni ya mafundi, lakini mtu akiyachimba hukuta kwamba ni ya maadili. Mojawapo ni hili: pikapu ivute tela lenye uzito gani? Huko Marekani, anakoishi mwanangu na familia yake, watu wengi hupenda kusafiri na nyumba ndogo ya magurudumu, yenye vitanda, jiko na choo, ikikokotwa nyuma ya pikapu. Alipotaka kununua ya kwake tulizungumza sana kwa simu juu ya hesabu zake, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza tunamaanisha nini hasa tunaposema kwamba mtu au chombo kinaweza.

Tangazo la pikapu husema, kwa mfano, kwamba gari hili huvuta kilo 4,000. Namba hiyo si ya uongo. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari cha huko, SAE, kilichapisha kipimo kiitwacho J2807, na viwanda vikaanza kukifuata kimoja baada ya kingine. Kabla ya hapo kila kiwanda kilijipimia chenyewe, yaani mtahiniwa alisahihisha karatasi yake mwenyewe. Katika kipimo hicho pikapu ya kawaida hupandishwa mlima wa Davis Dam, Arizona, kwa kilometa zipatazo 18, na mwendo wake haupaswi kushuka chini ya kilometa 64 kwa saa. Lakini ndani ya gari huhesabiwa dereva na abiria mmoja tu, kila mmoja kilo 68. Watoto hawamo, wala masanduku ya nguo.

Sasa tupige hesabu. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema kwamba abiria na mizigo kwa jumla visizidi, tuseme, kilo 680. Tela likishajazwa lina kilo 3,400. Ni chini ya zile 4,000, na muuzaji atakupongeza. Lakini tela halivutwi tu; sehemu yake ya mbele huikalia pikapu, na kwa kawaida uzito huo ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tukichukua 13, ni kilo 442. Ongeza baba, mama na watoto wawili, kilo 255. Kiungio cha chuma, kilo 45. Mizigo midogo, kilo 60. Jumla ni 802. Gari limezidiwa kwa kilo 122, hali kila aliyemo anaamini kwamba bado lina nafasi. Wala haifai kusogeza vitu nyuma ya tela ili kuipunguzia pikapu mzigo, maana mbele ikiwa nyepesi mno tela huyumba na huweza kulipindua gari. Aidha, uzito ulioandikwa kwenye karatasi za mauzo mara nyingi ni wa tela tupu. Lita 150 za maji peke yake ni kilo 150.

Pamoja na hayo yote, injini italivuta. Hapo ndipo penye mtego. Katika tambarare dereva hatahisi lolote, naye atasema, "Si mnaona? Linaweza." Ukweli hujitokeza kwenye mteremko mrefu breki zinapopata moto, au siku gari la mbele linaposimama ghafla. Kwa hiyo swali la kwanza si kama ninaweza kuuondoa mzigo huu mahali ulipo. Swali ni kama ninaweza kuusimamisha, na nikishindwa, utamwangukia nani. Anayezidisha mzigo barabarani hukopa usalama wa watu ambao hakuwauliza.

Iko hoja ya kunipinga, nayo ni nzito. Sisi wenyewe tumeishi kwa kubeba kupita kipimo. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa. Walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza elimu ya msingi walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Kama tungengoja hadi mizani itukubalie, watoto wangapi wangebaki malishoni? Na bibi anayelea wajukuu watano yatima, nani atathubutu kumwambia kwamba amezidisha?

Mimi sitathubutu. Tela la mapumziko mtu anaweza kuliacha, akachagua dogo zaidi, na asimdhulumu yeyote. Wajukuu hawaachwi. Lakini nimefanya kazi miaka mingi katika chuo cha ualimu, na sikuona kwamba haja kubwa huifanya mizani kuwa bure. Kijana aliyepewa darasa la watoto 90 hakusaidiwa na sifa za kujitolea. Alisaidiwa na mkaguzi aliyeandika wazi kwamba watoto ni 90 na mwalimu ni mmoja, kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba msaada unahitajika.

Ndivyo ilivyo kwa bibi yule. Sisi majirani hupenda kusema, "Mama huyu jasiri, anaweza." Huo ni mfano wa tangazo la pikapu, tumehesabu nguvu zake za kuvuta, hatukusoma kibandiko cha mlangoni. Tena sifa hiyo hutufaa sisi kuliko yeye, maana tukishasema anaweza tumejiondolea wajibu. Tuna methali isemayo mzigo mzito mpe Mnyamwezi, nasi huitamka kwa kicheko. Lakini hata wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walikuwa na mzigo wao wa kawaida, kiasi cha kilo 30, na uliozidi ulitafutiwa mtu mwingine.

Basi mzigo wa hiari upunguzwe kabla ya safari. Mzigo wa lazima ubebwe, lakini upimwe kwa sauti mbele ya watu, ili kila aliye karibu ajue kilo ngapi zinamhusu.