Kutoka Katika Rehani ya Shirika

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, rehani ni jambo la halali. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikufa na deraya yake imo rehani kwa Yahudi mmoja, kwa pishi 30 za shayiri. Lililo haramu ni riba. Na linaloangamiza wengi ni kudhani kuwa neno la mdomo baina ya washirika wawili lamvua mtu deni la mtu wa tatu.

Mfano wake ni Zaid na Amri. Walinunua nyumba nusu kwa nusu kwa fedha za kukopa, wakaiweka rehani kwa aliyewakopesha, na kila mmoja akamdhamini mwenziwe. Kisha wakafarikiana. Amri akasema: "Nenda zako, ndugu yangu, nyumba na deni nimevichukua mimi." Zaid akaondoka na moyo mweupe. Baada ya miaka Amri akafilisika, na mwenye deni akabisha mlango wa Zaid. Zaid akalia kuwa amedhulumiwa. Je, na nani? Mwenye deni hakuhudhuria maagano yale wala hakuyaridhia, basi haki yake haikuondoka mahali pake.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema: wawili wakiweka rehani kitu chao cha shirika, na mmoja akatoka katika deni lake, fungu lake hufunguka. Lakini aliyemdhamini mwenziwe bado amefungika, na mwenye deni ana khiyari ya kumdai huyu au huyu. Wala haijuzu kuuza kilichowekwa rehani ila kwa idhini ya aliyewekewa.

Basi njia za kutoka ni hizi. Ya kwanza, nyumba iuzwe kwa idhini ya mwenye deni, alipwe yeye kwanza, na kinachobaki wagawane kwa kadiri ya mafungu yao. Ya pili, Amri alinunue fungu la Zaid, na mwenye deni, akiridhika, amwachilie Zaid deni na dhamana, kisha afunge rehani mpya na Amri peke yake. Ya tatu, muda wa deni ukifika na mmoja akakataa kulipa na kuuza, waende kwa kadhi, naye atamlazimisha.

Na kila njia iandikwe na ishuhudiwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka kwa ajili ya kuandika deni. Na inayoifuata imetaja rehani. Jina la anayetoka lifutwe katika hati, kwani jina lililosalia ni mlango uliosalia wazi.

Na Amri naye amche Mungu, asikae ndani ya nyumba hali nduguye amebeba mzigo wake. Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiloacha cha kulilipia, asimsalie mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile. Basi nani atalichukua deni la mwenye kuchelewa hali ana uwezo?

Wallahu a'lam.