Kifua Kikikubana Usiku, Fungua Mlango

Wanangu, haya nimeyasema kwenye matanga mengi, na kwa kuwa bado tunazika, nayasema tena.

Uko peke yako nyumbani hapa Bujumbura, Buyenzi au Kinama, usiku wa manane. Kifua kinakuelemea, maumivu yanashuka mkononi au yanapanda hadi kwenye taya, jasho baridi linakutoka. Usijidanganye kwamba ni kiungulia, wala usingoje kupambazuke. Huenda mshipa unaoulisha moyo umeziba, na kadiri unavyochelewa nyama ya moyo inakufa. Wanawake na wenye kisukari pengine hawasikii maumivu makali, ila pumzi fupi, kichefuchefu na uchovu usioeleweka. Nao wasipuuze.

Kuna ujumbe mnaotumiana kwenye simu, eti ukohoe kwa nguvu mpaka msaada ufike. Ulianza kuzunguka kwa barua pepe mwaka 1999, na Chama cha Moyo cha Marekani hakiushauri. Hospitalini, mapigo yakivurugika ghafla huku mgonjwa akiangaliwa kwenye mashine, daktari anaweza kumwambia akohoe kwa nguvu kwa sekunde chache. Nyumbani, kikohozi hakizibui mshipa. Kinakumalizia muda tu.

Piga simu kwanza. Mwamshe jirani, mwamshe dereva wa taksi unayemjua. Papo hapo fungua mlango na kufuli la geti, maana ukizimia ndani ulikojifungia, watakaokuja watahangaika na chuma badala ya kukuhangaikia wewe. Kama una aspirini, na haikudhuru, na huna vidonda vya tumbo wala tatizo la kutokwa damu, tafuna miligramu 300, usiimeze nzima. Kisha keti chini, egemea ukuta, kunja magoti. Usiendeshe gari, wala usipande pikipiki: ukizimia njiani utaanguka.

Na petroli nayo imekuwa ikiadimika miaka hii, kama tujuavyo sote! Mtu wa kukufikisha hospitali ya Prince Régent Charles au ya Roi Khaled kule Kamenge, mtafute ukiwa mzima. Muulize kabisa kama huweka akiba ya mafuta.

Hata nafuu isikulaghai. Taarifa ya serikali ya Burundi kuhusu kifo cha Rais Pierre Nkurunziza ilisema aliugua usiku wa Jumamosi, tarehe 6 Juni 2020, akapelekwa hospitali ya Karuzi. Jumapili akapata ahueni, akazungumza na waliokuwa naye. Jumatatu asubuhi hali ikageuka ghafla, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 55, mtu wa mpira na mazoezi, na madaktari walikuwa karibu. Sembuse wewe uliye peke yako, maumivu yakitulia ukarudi kulala?

Najua kinachowazuia. Ni haya. Mnaona vibaya kugonga kwa watu saa nane za usiku, kisha ionekane ni gesi tumboni. Wanangu, gongeni. Jirani atarudi kulala.