Baraza lisilo na mwenyewe: nani anawajibika kwa jibu?

NDUGU msomaji, naanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana nilikuwa darasani nafundisha nguzo za imani. Tulipofika kwenye kadari, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza: "Ustadh, ikiwa yote yameshaandikwa, mtu aliyeharibiwa na unga ana kosa gani?" Darasa likacheka. Nami badala ya kumsikiliza, nikamwambia hayo ni maswali ya wasiwasi wa shetani, akae chini tuendelee na somo. Akakaa. Nikadhani nimeilinda imani yake.

Siku chache baadaye alinifuata msikitini baada ya Laasiri, akanionyesha simu ya mama yake. Swali nililolizima darasani alikuwa amelipeleka mtandaoni, kwenye moja ya zile jumuiya zisizo na makao makuu wala mkubwa, ambako mtu huuliza kwa jina la kubuni akajibiwa na yeyote aliyepita. Mmoja alimkejeli yeye na dini yake. Wa pili, aliyejipa jina la kielimu, alikata shauri kuwa mtu huyo ni wa motoni, basi. Wa tatu akasema hakuna mwenye kosa duniani. Wa nne aliandika kwamba jibu la kadari yeye halijui, ila anahisi swali hilo linamhusu mtu aliye karibu na muulizaji. Je, mtu huyo yu hai? Amepata tiba?

Mtu huyo ni kaka yake. Mimi mwalimu wake sikuwa na habari.

Tangu siku hiyo najiuliza: mahali pasipo na mwenyewe, ambapo kila mtu ana ruhusa ya kuuliza na kila mtu ana ruhusa ya kujibu, ni nani anayebeba dhima ya kinachosemwa?

Kwanza tufahamu ni mahali pa namna gani. Wengi wetu tumezoea mitandao ambayo kampuni moja ndiyo yenye nyumba, milango na funguo. Lakini upo utaratibu mwingine, nao ni wa zamani. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mpango wa kompyuta kupigiana simu na kupelekeana ujumbe. Mwaka uliofuata ukaanza kutumika, ukaitwa Usenet. Haukuwa na kompyuta moja kubwa inayotawala nyingine. Kila chuo kilitunza mashine yake, na mazungumzo yakapita kutoka moja hadi nyingine: mapishi, hesabu, siasa, dini. Mwaka 2016 kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, alianzisha Mastodon kwa fikra inayofanana na hiyo, na ilipofika mwaka 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, watu wengi walihamia huko.

Ukitaka mfano wa kwetu, fikiria mji wenye mabaraza mengi. Kila baraza lina mwenye nyumba na desturi zake, na wapita njia huchukua maneno ya hapa wakayafikisha kule. Mji mzima unazungumza, lakini mji hauna mwenyewe. Tofauti ni moja nayo ni kubwa: kwenye baraza la mtaani tunajuana. Ukisema upuuzi, mzee atakukumbusha wewe ni mtoto wa nani. Huko hakuna anayejua wewe ni mtoto wa nani.

Wapo wanaosema dawa ni kuwazuia vijana wasiende huko kabisa. Wapo wanaosema waachwe, kwani neno ni neno tu, na asiyelitaka alipuuze. Kwa maoni yangu wote wawili wamekosea. Wa kwanza wanasahau kwamba kijana hakutoka kwetu kwa utovu wa adabu. Alitoka kwa sababu tulimfungia mlango. Wa pili wanadhani pasipo na mkubwa hapana dhima. Lakini dhima si mkate kwamba ukigawiwa watu wengi kila mmoja anapata kipande kidogo. Sisi Waislamu tunalijua hili kupitia fardhi kifaya: akifa mtu mtaani na asizikwe, hatuambiwi kuwa dhambi imegawanyika mpaka imekwisha. Waliojua na wakaweza kumzika wote wana dhambi.

Hata hao wasio na mkubwa wameliona hilo. Mwaka 2019 mtandao wa Gab, uliokuwa na sifa ya kukusanya wabaguzi wa rangi na wenye chuki dhidi ya Waislamu na Mayahudi, ulianza kutumia programu ya Mastodon. Programu hiyo ni huria, kwa hiyo hakukuwa na wa kuwafukuza mjini. Kilichotokea ni kwamba waangalizi wengi wa seva, kila mmoja kwa uamuzi wake, walifunga mlango wa baraza lake. Hakuna aliyeweza kusema, "Hii ni kazi ya wakubwa." Wakubwa walikuwa wao.

Sasa tutazame mafunzo yetu. Imepokewa katika Abu Dawud kutoka kwa Jabir (RA) kwamba walikuwa safarini, mwenzao mmoja akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawaoni ruhusa madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (SAW) alipopata habari alikasirika, akawabebesha wao kifo chake, na akafundisha kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza.

Ndugu msomaji, itazame hali ile. Ni kundi la marafiki njiani, hapana kadhi wala mufti kati yao. Hawakuwa na nia mbaya. Aliyeuliza hakulaumiwa kwa kuuliza. Waliolaumiwa ni waliojibu wasichokijua. Kutokuwa na mkubwa njiani hakukuwaondolea dhima, bali kuliwaachia yote wao. Kila anayebonyeza kitufe kumjibu asiyemfahamu yumo katika msafara huo, na hajui aliye upande wa pili ana jeraha gani kichwani.

Kwa hiyo adabu ya kwanza ya baraza lisilo na mwenyewe ni neno "sijui". Imepokewa kuwa Imam Malik aliulizwa maswali 48, akajibu 32 kati ya hayo kwa neno hilo. Huyo ni Imamu wa Madina! Sisi wenye vyeti na simu tunaona haya gani?

Adabu ya pili ni subira kwa mgeni. Watu wa Usenet walikuwa na desturi: kila Septemba, vyuo vya Marekani vilipofunguliwa, wanafunzi wapya waliingia na fujo zao, na wenyeji wakawafundisha taratibu mpaka wakazoea. Kuanzia mwaka 1993 huduma hiyo ilifunguliwa kwa umma mpana, wageni wakawa hawaishi kuingia, na wenyeji wakalalamika kuwa sasa ni Septemba isiyokwisha. Nadhani mwalimu yeyote anaielewa Septemba hiyo. Kila mwaka swali ni lilelile, lakini anayeuliza ni mpya, na kwake ni mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoanguka mimi. Imam Ahmad amepokea habari ya kijana aliyemwendea Mtume (SAW) kumwomba ruhusa ya zinaa. Watu wakamkaripia. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angeridhia hilo kwa mama yake na dada yake, kisha akamwombea dua. Mimi niliulizwa jambo jepesi kuliko hilo, nikawa pamoja na wale waliokaripia. Mtu asiye na jina, ambaye hata dini yake siijui, akafanya kazi yangu.

Nilimwomba kijana yule radhi. Kisha nikamuuliza alichoulizwa na mgeni yule. Kaka yu hai; tiba hakuwahi kupata. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadone kwa waathirika wa heroini tangu mwaka 2011, nami nilikuwa sijapata kumweleza mtu yeyote habari hiyo. Wiki iliyofuata tulikwenda watu watatu.

Suala la kadari bado tunalijadili kila Alhamisi. Baadhi ya maswali yake nimemjibu. Mengine nimemwambia sijui.

Wallahu a'lam.