Kufuli na Mwenye Ufunguo

Kila sheria inayokataza jambo huwa imekwisha kuahidi jambo jingine, ingawa ahadi hiyo haikuandikwa. Afungaye mlango kwa ajili ya usalama wa nyumba hana budi kumjua mwenye haki ya kuingia. Kwa fikira hiyo twapenda kulitazama suala la kubanwa kwa dawa za kutuliza na za usingizi, jinsi linavyowagusa watu wa Onduparaka na wa njia ya Arua hadi Koboko.

Hoja ya wanaobana si ya kupuuzwa. Diazepamu na fenobabitoni zikinywewa pamoja na pombe huweza kuzima pumzi. Na mwili uliozizoea huzidai kila siku. Huku kwetu, ambako Kongo na Sudani Kusini zi karibu, vidonge huvuka mpaka kwa urahisi, na siku hizi mtu huweza kuviagiza hata kwa simu. Ndiyo maana sheria ya dawa ya Uganda ya mwaka 1993 yataka cheti cha tabibu. Mwaka 2023, Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha sheria ya mihadarati kwa kuwa ilipitishwa bila akidi, Bunge liliipitisha upya mwaka huo huo.

Lakini fenobabitoni hiyo hiyo ndiyo tegemeo la wagonjwa wengi wa kifafa. Mgonjwa akiikatiza ghafula, kifafa humrudia kwa nguvu zaidi, hata pengine kumwua. Mzazi ambaye tabibu yu mbali naye, na nauli ya bodaboda hana, ana haki ya kuuliza: aliyefungiwa mlango ni nani, mlevi au mwanangu? Mlevi atavuka mpaka. Mzazi mtiifu ndiye atakayeumia. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Je, kufuli livunjwe? La hasha. Uganda yenyewe imekwisha kuonyesha njia. Mofini hulindwa kwa ukali zaidi kuliko dawa hizi. Hata hivyo mwaka 2004 serikali iliwaruhusu wauguzi na maafisa wa tiba waliofunzwa maalumu kuwaandikia mofini wagonjwa wenye maumivu makali. Juhudi hizo zilichochewa na Daktari Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Kufuli lilibaki mahali pake, ila ufunguo ulisogezwa karibu na mgonjwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 juu ya dawa za namna hii nao wakiri kwamba zisizuiwe kupita kiasi kwa wanaozihitaji kwa matibabu.

Nasi walimu, tunaokaa madarasani na watoto wenye kifafa, tuna sehemu yetu. Yatupasa kuwaonya vijana juu ya kidonge kisicho na cheti. Yatupasa pia, kila katazo jipya linapotangazwa, kuwauliza wakuu wa afya kwa adabu na bila kuchoka: ufunguo mmeuweka wapi, na mmemkabidhi nani?