Jina Linaloishia Qatar

Anayenijia hapa Doha kuniomba nimtengenezee tovuti huwa amekwisha chagua rangi, picha na nembo. Jina litaishia na nini, hilo huniachia mimi. Iwe .com, iwe .co.ke, iwe .qa, "weka inayopendeza tu, dada." Mimi siwezi kulichukulia hivyo. Herufi zile mbili tatu baada ya nukta humwambia mgeni mwenye jina ni wa wapi, na akikosea ataulizwa na nani. Ni ushahidi, na ushahidi katika dini yetu si jambo la kupendeza au kutopendeza.

Aliyenifanya niliwaze sana ni kijana mmoja wa kwetu Mombasa. Kazi yake ni kuwatafutia watu ajira huku Ghuba: walinzi, madereva, wafanyakazi wa nyumbani. Alikuja Doha kuonana na waajiri, tukakutana Najma baada ya swala ya Ijumaa, penye duka la chai ya karak. Akafungua simu, akanionyesha ukurasa uliokuwa karibu tayari. Juu yalimeremeta majengo ya West Bay, na chini ya picha palikuwa na fomu ya kujaza jina, umri na nambari ya pasipoti. Alitaka jina liishie .qa, herufi za Qatar.

"Ofisi yako iko wapi, mdogo wangu?"

"Mombasa, dada. Lakini kazi si ziko huku?"

"Na huku una ofisi?"

"Sina. Ila anwani ya Mombasa nimeiandika. Tazama pale chini."

Nikatazama. Ilikuwapo kweli, kwa herufi ndogo za kijivu, na huioni mpaka uuvute ukurasa hadi mwisho wake. Sikukuta neno la uongo popote. Hapo ndipo penye swali: je, jina laweza kudanganya hali kila kilichoandikwa chini yake ni kweli?

Mimi nasema laweza, na hoja yangu inatoka soko la Madina. Imam Muslim amepokea kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula kinachouzwa, akatia mkono ndani yake, vidole vikatoka vimelowa. Alipouliza, mwenye mali akajibu kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume hakubishana naye juu ya mvua. Alimuuliza kwa nini kilicholowa hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akamtoa mwenye ghishi, yaani mdanganyifu, katika walio wake. Kosa lilikuwa katika mpangilio: kikavu juu, kibichi chini. Na ukurasa wa kijana wetu ulipangwa vivyo hivyo, Qatar juu, Mombasa chini.

Fikiria binti wa Kisauni, kule Mombasa, anayejaza fomu ile usiku kwa simu ya kuazima. Anaona herufi za Qatar, anaamini anaandikiana na watu wa Doha na kwamba sheria za Doha zinamlinda. Sheria ya Kazi ya Qatar, Namba 14 ya mwaka 2004, inamkataza wakala mwenye leseni ya nchi hii kumtoza mfanyakazi ada ya kumwajiri. Wakala aliyekaa Mombasa hana leseni hiyo, na anayemlipa akidhani yuko chini ya kivuli cha sheria hiyo hana kivuli. Hata kama taratibu za usajili zingemruhusu kijana kulichukua jina lile, ruhusa ya msajili haiondoi ghishi.

Akaniuliza jambo ambalo sikulipuuza, maana lilikuwa na uchungu ndani yake. "Basi dada, sisi tunaohangaika huku hatuna haki ya jina la huku?" Mimi pia nimelea watoto katika mji huu, na pasipoti zao ni za Kenya. Lakini tazama nisba za Masahaba, yaani majina yanayosema mtu ni wa wapi au wa nani. Bilal aliishi Madina, akawa ndiye mwenye kuadhini, na akabaki Bilal wa Uhabeshi. Suhayb asili yake Mwarabu, ila alikulia utekani kwa Warumi, akaitwa Suhayb Rumi mpaka kufa kwake. Kumbe nisba yaweza kufuata maisha, haifungwi na damu peke yake. Matamanio ndiyo haiyafuati. Zayd bin Haritha alipendwa na Mtume hata watu wakamwita mwanawe. Ikashuka amri katika sura ya Ahzab kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, naye akarudi kuwa mwana wa Haritha, na mapenzi yakabaki palepale. Kwa hiyo mwenye mgahawa mtaa wa Mansoura hapa Doha, leseni yake ikiwa ukutani na jiko linawaka, ajiite .qa bila wasiwasi, awe amezaliwa Lamu au Kampala.

Wako wanaoniambia herufi ni pambo tu. Waulize waliokuwa na vb.ly, huduma ya kufupisha anwani za mtandaoni. Wao hawakuwa na uhusiano na Libya, walizipenda tu herufi zake. Mwaka 2010 wasajili wa Libya wakawanyang'anya jina, wakisema yaliyomo yanapingana na sheria za nchi ile na za Uislamu. Hata .com, inayodhaniwa haina kwao, ina kwao: inasimamiwa na Verisign, kampuni ya Virginia, na mwaka 2012 serikali ya Marekani iliitwaa bodog.com ingawa ilisajiliwa kupitia kampuni ya Kanada. Ukichukua kiishio umemchukua na hakimu wake.

Ndiyo maana naona ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, lilifanya sawa kuhusu .halal na .islam. Kampuni moja ya Uturuki iliziomba mwaka 2012. Falme za Kiarabu na India zikapinga, Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu yenye nchi 57 nayo ikaandika kupinga, na Oktoba 2018 bodi ikakataa. Vatikani ilipewa .catholic, na sioni upendeleo hapo, kwani Wakatoliki wana mmoja wa kuwajibia. Sisi hatuna. Anayeuza .halal kwa kila mwenye kadi ya benki angekuwa anamshuhudilia mchinjaji ambaye hajapata kumwona akichinja.

Kijana nilimwambia nitamtengenezea .co.ke bila malipo, kwa sharti kwamba Mombasa iandikwe juu, kwa herufi kubwa, pamoja na nambari ya usajili wake. Akasema atafikiria. Bado hajanipigia simu.

Wewe unayesoma haya na unaitafuta kazi ya Doha, usimpe mtu nambari ya pasipoti yako kwa sababu jina lake linaishia .qa. Muulize ofisi iko mtaa gani, uende ukaione. Kisha litafute jina lake katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya. Usipolikuta, funga ukurasa ule.