Sokwe Mwerevu, Mtoto Mwigaji

Habari za Gombe zikitajwa, husimuliwa kisa cha mwaka 1960. Mtafiti Jane Goodall yuko porini, kando ya Ziwa Tanganyika, anamwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichomeka unyasi kwenye tundu la kichuguu, anauchomoa ukiwa umejaa mchwa walioung'ata, anaupitisha mdomoni. Hadi siku zile wataalamu walimtambulisha binadamu kuwa ndiye kiumbe mwenye kutengeneza zana. Louis Leakey, ambaye ndiye aliyemtuma Goodall huko, alipopata taarifa alisema sasa itabidi tubadili maana ya zana, au maana ya mtu, la sivyo tuwakubali sokwe kuwa wenzetu.

Kisa cha michikichi hakisimuliwi sana, na mimi nakiona kizito zaidi. Gombe imo mkoani Kigoma, nchi ya mawese. Sokwe wa pale wanapenda chikichi kupita kiasi: wanakaa juu ya mti wakimung'unya ile nyama nyekundu yenye mafuta, kisha kokwa wanaitupa. Ndani ya kokwa ile mna kiini ambacho akina mama wa Kigoma hukivunja na kukamua mafuta ya mise. Mawe kwenye mabonde ya Gombe si haba. Watafiti wamewatazama sokwe hao kwa zaidi ya miaka 60, na desturi ya kuvunja kokwa hawana. Sasa vuka bara uende Bossou, nchini Guinea. Huko sokwe anaweka kokwa ya mchikichi juu ya jiwe, anaigonga kwa jiwe la pili, na pengine jiwe la chini likiyumba anatia kijiwe cha tatu kulisawazisha. Mtoto wake hukaa pembeni akitazama, akiokota makombo, akigonga jiwe juu ya jiwe bila kokwa, akiweka kokwa na kuipiga kofi. Kwa kawaida hufikisha umri wa miaka mitatu hadi mitano ndipo kokwa ya kwanza inapasuka.

Basi tuseme sokwe wa Guinea wana akili kuliko wa Kigoma? Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Seringbara, kilomita chache tu kutoka Bossou. Watafiti waliwawekea sokwe wa msitu huo kokwa za mchikichi na mawe ya kugongea, hata wakaongeza kokwa zilizokwisha kupasuliwa ili viini vionekane. Sokwe walipita, wakachunguza kidogo, wakaenda zao. Ni majirani kabisa wa wale wa Bossou, na mawe wamepelekewa hadi miguuni. Kilichokosekana hapo si ubongo. Alikosekana mzee wa kuwatangulia.

Nimeanza huko kwa sababu swali la nani ana akili zaidi, mtu au mnyama, kwa kawaida tunaliuliza kwa namna inayompa mtu ushindi kabla mchezo haujaanza. Tunamchukua sokwe mmoja, peke yake, tunamsimamisha upande huu. Upande wa pili tunamsimamisha mtu, lakini si mtu mmoja: nyuma yake tumepanga hesabu za Wahindi na Waarabu, jembe, moto, sindano ya pepopunda, ndege za abiria na vitabu vyote vilivyowahi kuandikwa. Halafu tunashangaa pengo lilivyo kubwa. Wangapi kati yetu waliwahi kugundua chochote kati ya hivyo? Mimi sikugundua hata namna ya kuwasha mkaa.

Wapo waliojaribu kuwalinganisha mmoja kwa mmoja. Mwaka 2007 Esther Herrmann, Michael Tomasello na wenzao walitangaza matokeo ya mtihani waliowapa watoto 105 wa Kijerumani wenye miaka miwili na nusu, sokwe 106 wa hifadhi za Ngamba nchini Uganda na Tchimpounga kule Kongo-Brazzaville, pamoja na orangutani 32. Kwenye maswali ya vitu, yaani chakula kimefichwa wapi, wapi kuna kingi, fimbo ipi itakifikia, watoto na sokwe walikuwa sawa kwa sawa. Pengo lilijitokeza kwenye kujifunza kutoka kwa mwingine na kumwelewa mwenzio. Huko watoto walipata takribani robo tatu ya majibu, sokwe na orangutani theluthi hivi. Kulikuwa na bomba la plastiki lenye kitu ndani. Mtafiti alionyesha namna ya kulifungua, mtoto akafanya vilevile. Sokwe na orangutani, ambao nao walionyeshwa, waliling'ata na kulibamiza.

Mwaka huohuo kutoka Japani ilikuja habari iliyowatia wengi fadhaa. Sokwe mdogo aitwaye Ayumu, aliyefundishwa na Tetsuro Matsuzawa na timu yake wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alionyeshwa tarakimu kwenye kioo cha kompyuta kwa muda mfupi kuliko robo ya sekunde, zikafunikwa, akazigusa zilipokuwa kwa mpangilio wake. Wanafunzi wa chuo kikuu hawakumfikia. Baadaye wakajitokeza watu waliosema binadamu akifanya mazoezi ya kutosha naye ataweza, na huenda ni kweli, ila haraka ile ya kutafuta marudiano inanichekesha. Hakuna aliyetaka marudiano pale sokwe aliposhindwa kufungua bomba.

Jaribio ninalolirudia mara kwa mara, hata hivyo, ni la Victoria Horner na Andrew Whiten, lililochapishwa mwaka 2005. Sokwe walikuwa wadogo wa Ngamba, kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Waliletewa sanduku lenye zawadi ndani, na mtu akawaonyesha jinsi ya kuitoa: kwanza anachomeka fimbo kwenye tundu la juu na kudukuadukua, kisha anaiingiza kwenye mlango wa ubavuni na kutoa zawadi. Ule udukuaji wa juu haukuwa na kazi yoyote. Sanduku lilipokuwa jeusi, lisiloonyesha ndani, sokwe waliiga yote mawili. Walipopewa la plastiki angavu, ambalo ungeona wazi kwamba fimbo ya juu inagota kwenye kizuizi na haifiki popote, wakauacha upuuzi ule na kwenda moja kwa moja ubavuni. Watoto wa Uskoti wenye miaka mitatu na minne waliiga kila kitu, sanduku jeusi kwa angavu. Walikuwa wanaona kama sokwe walivyoona, na bado walidukua.

Ukimwuliza mpita njia nani kati ya hao ana akili, atamtaja sokwe. Ndiye aliyepima, akachuja, akatupa kisichofaa. Ndivyo tunavyowahimiza vijana wetu: tumia kichwa chako, usifuate kama kondoo.

Sasa mlete sokwe huyo jikoni kwenye muhogo mchungu. Watu wa kanda ya Ziwa wanaotengeneza udaga humenya muhogo, huulundika na kuufunika siku kadhaa uvunde mpaka uote ukungu, huukwangua, huuponda, huuanika, ndipo unasagwa. Kwingine huuloweka majini. Muhogo una kemikali inayotoa sianidi, na hatua zile zinaipa sumu muda wa kuachia na kutoka. Lakini bibi aliyekufundisha hakukwambia sianidi, kwa kuwa naye hakuambiwa. Alikwambia subiri siku tatu. Mtu mwerevu angeuliza: kwa nini tatu? Angejaribu moja, angekula, asingehisi kitu, angeona wazee walikuwa wanapoteza muda. Madhara huja baada ya majuma ya kula hivyo, tena hasa pale mlo hauna protini ya kutosha: miguu inapooza ghafla na hairudi tena kama zamani. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Uliwapiga watu wa Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985, wakati ukame ulipowabana na muhogo ukaliwa bila kutengenezwa ipasavyo. Wengi walioumia walikuwa watoto na wanawake.

Kwa akili ya kichwa kimoja huwezi kuliona jambo hilo. Chanzo kiko majuma nyuma, kimechanganyika na milo mingine, na jirani aliyefanya kosa lilelile bado anatembea. Sanduku hili halina plastiki angavu. Aliye salama ni yule mtoto mjinga wa Uskoti, anayedukua juu kwa sababu mkubwa wake alidukua juu. Najua tabia hiyohiyo ndiyo inayobeba upuuzi: ndiyo iliyowafikisha watu mahali pa kumwogopa bundi na kumwua kikongwe kwa sababu ya macho mekundu. Mwigaji hana kichungi. Anapokea dawa na sumu kwa mikono ileile, na vizazi vinachambua polepole, mara nyingine kwa gharama ya kutisha. Ila bila mikono hiyo hakuna kinachorundikana, na kila mtoto angeanza upya kama sokwe wa Gombe mbele ya kokwa.

Hapo ndipo tofauti yetu na wanyama inapokaa, nionavyo, na haiko mahali tunapojivunia. Chukua Magawa, panya buku aliyezaliwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kufundishwa na shirika la APOPO. Alipelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, na alipostaafu mwaka uliofuata alikuwa amegundua mabomu 71, mbali na silaha nyingine ambazo hazikulipuka. Magawa hakujua bomu ni nini. Alijua kwamba harufu fulani, ukiikwarulia ardhi, inaleta ndizi. Watu wakisikia hivyo hupumua: kumbe si akili, ni mazoea tu. Haya, nami nikinunua umeme kwa simu naletewa tarakimu 20 za LUKU, naziingiza kwenye mita, taa inawaka. Kilichotokea kati ya simu na mita sikifahamu hata kidogo. Nabonyeza, naletewa ndizi.

Kuna jibu la adabu linalopendwa siku hizi, kwamba kila mnyama ana akili yake kulingana na mazingira yake, kwa hiyo tusilinganishe. Silipendi. Linafanana na unyenyekevu, lakini kazi yake ni kufunga mjadala. Tofauti zipo na zinapimika. Sokwe hajatengeneza chanjo na hataitengeneza. Ninachokataa ni kuipachika tofauti hiyo ndani ya fuvu la mtu mmoja mmoja, kana kwamba kila mwenye miguu miwili amezaliwa na chanjo kichwani.

Tena kurithishana si mali yetu pekee. Huko Amboseli, Kenya, watafiti waliwachezea tembo sauti zilizorekodiwa za Wamaasai na Wakamba wakisema maneno yaleyale. Waliposikia sauti ya mwanamume wa Kimaasai walijikusanya na kuondoka mara nyingi zaidi kuliko waliposikia ya Mkamba, au ya mwanamke, au ya mtoto wa kiume. Ndama wa mwaka mmoja hajawahi kuchomwa mkuki na Mmaasai. Anawafuata waliotangulia.

Mwaka 1993 Tarangire ilipigwa na ukame mkali. Kati ya ndama 81 waliokuwa wakifuatiliwa, 16 walikufa ndani ya miezi tisa. Koo mbili za tembo zilitoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho, ukoo wa tatu ukabaki palepale na ndama wake wakafa kwa wingi zaidi. Watafiti wanaamini kwamba majike wakongwe wa zile koo mbili walikuwa wamewahi kuupitia ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961 wakiwa wadogo, wakakumbuka pa kwenda. Wengine walitembea nyuma yao bila kujua wanakwenda wapi wala kwa nini. Ukoo uliobaki ulikuwa ndio ulioandamwa zaidi na majangili miaka ya 1970 na 1980, na mama zake walikuwa vijana. Ungewatungia tembo wale mtihani wa kumbukumbu, mmoja mmoja, sidhani wangepata alama chini ya wenzao. Ubongo walikuwa nao wote. Wa kufuatwa ndio waliokuwa wamekwisha, waliuawa kwa ajili ya pembe.