Masikio Kwanza

Tafakari ya juma: Marko 7:31–37

Mama mmoja mjane wa usharika wetu aliniletea kaseti aliyoifunga ndani ya kanga. "Mchungaji, humu mna mahubiri ya mzee wangu. Wajukuu hawajawahi kumsikia." Mumewe alikuwa mwinjilisti, na mahubiri hayo yalirekodiwa mwaka 1987 kwa redio kaseti ndogo ya nyumbani.

Tulipoicheza, sauti ilitoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Vijana wa kwaya, ambao ndio mafundi wetu wa vyombo, wakasema mkanda umekufa. Wakaongeza trebo kwenye kompyuta. Ukaja mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati, na mzee akazidi kuzama. Nilikaribia kumrudishia mama kaseti yake kwa maneno ya pole.

Mkanda ulikuwa mzima. Upana wake haufiki milimita 4, nao hupita mbele ya hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma mkanda, kwa mwendo wa chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti nyembamba kama "s" na "sh" hukaa humo katika alama fupi mno, na hedi inayosoma ikiinama tofauti kidogo tu na ile iliyorekodi, hizo ndizo hupotea kwanza. Kompyuta haiwezi kukuza kile ambacho hedi haikukisoma. Basi tukaupeleka mkanda mbele hadi mwisho, tukaurudisha, tukasafisha hedi kwa pamba na spiriti, kisha kijana mmoja akashika bisibisi nyembamba na kugeuza skrubu iliyo kando ya hedi, kidogo sana, sote tukiwa kimya. Ghafla "s" zikarudi.

Habari ya yule kiziwi wa Dekapoli nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilikimbilia ulimi wake. Marko anaanza na masikio. Yesu anamtoa mtu yule katikati ya makutano, anamtia vidole masikioni. Masikio yanafunguka, ndipo ulimi nao. Nimeketi na wazee wengi wa usharika huu nikiwaza moyoni kwamba maneno yao yamefifia. Ni wangapi ambao kichwa changu ndicho kilichokuwa kimeinama vibaya?

Kunakili kwenyewe hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 inataka dakika 60. Tulipitisha waya kutoka deki hadi kompyuta, bila maikrofoni, tukilinda sauti isifike kwenye nyekundu. Tukahifadhi faili ya WAV ya biti 24 na kilohezi 48, kiwango ambacho IASA, jumuiya ya kimataifa ya wahifadhi sauti, inakihesabu kuwa cha chini kabisa. MP3 ilifuata baadaye, kwa ajili ya simu za wajukuu. Vijana walitaka kufuta mchakacho wote na kukata sehemu ya mwisho, baada ya "Amina", palipokuwa na mnong'ono tu. Niliwaomba nakala ya kwanza isiguswe.

Jumapili jioni mama alikuja kusikiliza. Mahubiri yakaisha, "Amina" ikapita, na kwa mbali, safari hii waziwazi, mzee akasema: "Zima sasa, mama watoto, betri zitaisha."

Mama akaweka mkono kinywani. "Kumbe," akasema, "mimi ndiye niliyeshika redio."